Mji wa watu elfu 5 na ndege zinatua kila siku: nilichokiona Brønnøysund, Norwei (uzi mrefu kidogo)

Mwana Kilindoni

Wakuu salaam. Juzi humu ndani mdau mmoja aliandika kwamba Ulaya serikali haina habari na watu wa pembezoni, eti ukiishi kijijini umejitakia, pambana na hali yako. Nilianza kumjibu pale pale nikaona jibu linakuwa refu kuliko mada yake, bora nifungue uzi wangu. Leo niko ofu, nje upepo unavuma sina pa kwenda, kwa hiyo tulieni.

Mimi kwetu Mafia, pale Kilindoni. Wanaopajua wanajua kiwanja cha ndege kiko mjini kabisa, utoto wangu wote nimekua nasikia ndege zinapita juu ya bati na sijapanda hata moja mpaka siku naondoka nchini. Sisi zetu zilikuwa boti, unavuka kwenda Nyamisati, bahari ikichafuka unarudi nyumbani na mzigo wako kichwani. Sasa maisha yaliponileta huku kaskazini watu wanadhani nilishangaa theluji. Theluji nilishaiona kwenye tivii. Mimi nilishangaa kiwanja cha ndege.

Mji unaitwa Brønnøysund (tamka Brenoisun, usijiumize ulimi). Uko pwani, karibu katikati ya ule urefu wote wa nchi, digrii 65 na nusu kaskazini, Desemba mwanga tunauona kama masaa matatu na nusu tu halafu giza linarudi. Watu wa mjini kama elfu 5, ukijumlisha manispaa nzima hawafiki elfu 8. Mbagala ukiwamwaga hao hata hujui wameingilia wapi. Na wana kiwanja cha ndege, njia ya kurukia mita 1,200, siku za kazi ndege ya abiria inakuja mara kadhaa kwa siku. Na humo ndani hakuna watalii wa kuvaa kofia za majani. Kuna bibi anaenda kuangaliwa moyo, fundi ana boksi lake la vifaa, mtoto wa shule anarudi kwa mama yake wikiendi.

Ngoja niweke chai nakuja.

Kapuku Halisi

Nimekaa siti ya mbele. Chai isichukue masaa mkuu, kuna watu humu wanafungua uzi halafu wanaibukia mwaka unaofuata.

Mapangaboi

Mkuu ndege gani inatua hapo? Mita 1,200 hiyo Airbus haigusi.

Mwana Kilindoni

@Mapangaboi jina lako linakujibu. Ni Dash 8 za Kanada, zile ndogo za siti 39, mapangaboi mawili, bawa liko juu ya dirisha kwa hiyo unaona chini vizuri, mhudumu mmoja tu. Mlango ukifunguliwa ngazi inashuka nao. Viwanja vingine vya huku njia ni mita 800 tu na hapo ndo utajua rubani ana kazi, inagusa, inakanyaga breki mpaka simu inakimbia mfukoni.

Sasa niwaeleze ndani kulivyo. Ukumbi wenyewe mdogo, ukikaa kona moja unasikia stori za kona nyingine. Mara ya kwanza nasafiri nilipokelewa begi na dada mmoja kaunta, akalipima, akalibandika karatasi. Nikapita ukaguzi (ukaguzi ni ule ule wa viwanja vikubwa, mkanda unavua, chupa ya maji unaacha). Nikakaa dirishani. Baada ya dakika kumi namwona dada yule yule yuko nje, koti la kung'aa, hedifoni masikioni, anaiongoza ndege isimame. Halafu namwona anapakia mabegi, langu likiwemo. Halafu karudi ndani anashika kipaza sauti anatutangazia tupande, tumempa boding pasi yeye. Nikasema huyu akipanda na kurusha sitashangaa.

Na wale wa zimamoto vile vile. Zimamoto lazima wawepo ndege inapotua, ni sheria, lakini hawakai wanacheza karata wakisubiri moto. Hao hao ndo wanaendesha magari ya kusukuma theluji, hao hao wanapima utelezi wa njia, kuna gari lina tairi la ziada linaburuzwa kwenye lami linatoa namba, namba ile anapewa rubani. Usiku wa Januari upepo wa bahari unapiga wewe umejifunika shuka mbili, wenzako wako pale na taa za njano wanafagia lami ndege ya alfajiri itue.

Shoga wa Mwambao

Hapo kwa dada wa kaunta nimecheka peke yangu kwenye daladala watu wananiangalia 😂

Mzee wa Hoja

Nikuulize swali dogo. Ndege ya watu 39 kwenye mji wa watu elfu 5 inalipaje? Hapo lazima kuna mtu anapata hasara. Nani?

Mwana Kilindoni

@Mzee wa Hoja hilo nalijia, ni swali zuri, nimeliuliza sana mimi mwenyewe. Kwanza nimalizie stori moja ya karibu, bila hiyo hesabu haziingii akilini.

Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Mwaka jana baridi nilipewa safari ya kumsindikiza bibi mmoja Bodø, kule kuna hospitali kubwa, alikuwa na miadi ya daktari bingwa. Simtaji jina wala ugonjwa, miiko ya kazi. Ana miaka themanini na kitu, kavaa sweta aliyofuma mwenyewe, kwenye pochi ana sindano za kufumia na mkate wake wa jibini ile ya kahawia, ile jibini ina utamu kama tofi, mwanzo ilinishinda sasa nanunua mwenyewe.

Tumefika kiwanjani saa 12 asubuhi giza totoro. Ukungu umekaa chini. Tunasikia ndege inakuja, mngurumo uko juu yetu kabisa, watu wote tumeinua macho juu kama vile tunaiona, mngurumo ukapita, ukawa mdogo, ukaisha. Yule dada akachukua kipaza sauti akasema imeshindwa, itazunguka ijaribu tena. Ikaja tena. Tukaisikia tena. Ikaondoka moja kwa moja.

Mimi nikasubiri watu wapandishe, kwetu pale angetafutwa meneja. Hakuna aliyeinua sauti. Mzee mmoja akapiga simu kwa mkewe akasema maneno mawili, nadhani alisema "ukungu, kahawa". Watu wakaenda kwenye mashine ya kahawa. Bibi yangu akatoa sindano akaanza kufuma. Nikamuuliza hukasiriki? Akanijibu, kijana, nilipokuwa msichana tulikuwa tunaisubiri meli, ukiumwa sana unaisubiri meli, hii ndege hata ikichelewa siku nzima bado imeiwahi meli.

Saa 5 ukungu ukapanda, ndege ikaja, miadi ikasogezwa, jioni tukarudi. Na tiketi zetu zote mbili bibi hakulipa bei ya sokoni, safari ya mgonjwa kwenda hospitali inabebwa na serikali, yeye anachangia kiasi kidogo kilichopangwa. Sasa mtoe bibi huyo kwenye ndege umweke kwenye gari: ukienda kaskazini kwa barabara ya pwani unakutana na pantoni, unavuka, unaendesha, pantoni nyingine. Ukienda kusini, pantoni pia. Mtu wa miaka themanini na moyo wake mbovu.

Mama Wawili

Hapo kwenye "bado imeiwahi meli" nimeguswa. Mama yangu mimi aliumwa akiwa Mafia bahari imechafuka siku tatu. Namshukuru Mungu alipona, lakini zile siku tatu sizisahau.

Mwana Kilindoni

@Mama Wawili pole sana dada yangu. Hiyo ndo sababu naandika.

Bahari Haina Dogo

Watu wa visiwani tunaelewana. Mimi ni wa Lamu, ndege yetu inatua Manda halafu unavuka na boti ndio ufike mjini, na ikifika usiku mgonjwa utamvusha na nini. Endelea bro.

Mwana Kilindoni

Huku wagonjwa wa dharura wana ndege zao, hapa hapa kiwanjani kuna kituo cha ndege za wagonjwa na helikopta ya wagonjwa, daktari yumo. Ukizisikia saa 8 usiku unajua kuna mtu huko visiwani hali mbaya. Na upande mwingine kuna helikopta za mafuta, wafanyakazi wa kisima cha Norne baharini wanakuja na ndege kutoka kusini, wanavaa yale masuti mazito ya kuelea majini, wanapaa. Kiwanja kidogo lakini kina mambo.

Haya @Mzee wa Hoja, hesabu.

Viwanja karibu vyote vya nchi vinamilikiwa na shirika moja la serikali, Avinor, viko zaidi ya 40. Vile vikubwa, Oslo, Bergen na wenzao, vinaingiza hela, na sehemu kubwa inatoka kwenye yale maduka ya pombe na manukato yasiyo na ushuru, Mnorwei akitua kutoka nje hapiti bila chupa. Hela zote zinaingia kapu moja. Vile vidogo vinakula kutoka kapuni. Kwa hiyo mtu akinunua wiski Oslo ananunua na theluji kufagiwa kwetu.

Hiyo ni upande wa kiwanja. Ndege zenyewe, zile njia ambazo hakuna kampuni ingezigusa kwa faida, serikali inatangaza zabuni. Inaandika kabisa: nataka safari kadhaa kwa siku, siti kadhaa, mtu aweze kwenda mjini na kurudi siku hiyo hiyo, nauli isizidi kiasi fulani. Kampuni inayotaka ruzuku ndogo kuliko wenzake ndo inachukua. Utaratibu huu wa zabuni upo tangu miaka ya tisini, na mwaka 2024 wakaikata ile nauli ya juu kabisa kwa nusu. Mrukaji mkubwa wa njia hizi ni Widerøe, kampuni ya tangu 1934.

Kwa hiyo jibu ni kwamba hasara ipo na kila mtu anajua ipo, imeandikwa kwenye bajeti. Wao wanaihesabu kama barabara. Hakuna anayeuliza barabara ya kwenda kijijini imeingiza faida gani mwezi huu.

Mzee wa Hoja

Nimekuelewa lakini usitupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Wana mafuta wale! Mwenye visima anajenga kiwanja hata kwenye paa la nyumba. Sisi tulinganishwe na wenye shida kama sisi.

Mwana Kilindoni

Nilijua utakuja na mafuta na nimekusubiri mlangoni 😀 Angalia tarehe. Kiwanja hiki kilifunguliwa tarehe 1 Julai 1968, siku moja na Sandnessjøen, Mo i Rana na Namsos. Vinne kwa mpigo. Njia za mita 800, ndege Twin Otter, hizi hizi ambazo hata bongo tumezizoea. Mafuta yao ya kwanza ya maana, Ekofisk, yamegunduliwa mwishoni mwa 1969, wameanza kuyavuta 1971. Viwanja vimetangulia mafuta. Hawakusubiri watajirike ndo wawakumbuke watu wa visiwani, walianza na kidogo, kibanda, lami fupi na ndege ya watu kumi na tisa, na mtindo ule ukaenda mpaka mkoa wa juu kabisa, Finnmark.

Mzee wa Hoja

Tarehe nakubali. Ila 1968 hawakuwa maskini kama unavyotaka tuamini, walikuwa na meli dunia nzima na umeme wa maji wa kumwaga. Tusidanganyane.

Mwana Kilindoni

Hapo uko sahihi, sibishi. Hawakuwa maskini, lakini hawakuwa hawa wa leo. Na nchi nzima leo ni watu milioni 5 na nusu hivi, Dar peke yake sensa ya 2022 ilikuwa milioni 5.3 na ushee.

Mapangaboi

Turudi kwenye ndege jamani, siasa mtatuharibia uzi. Mkuu milima vipi hapo? Nikiangalia ramani naona mawe tu kila upande.

Mwana Kilindoni

Hili sikutaka kulianza usiku lakini umeuliza.

Kusini magharibi ya mji kuna mlima unaitwa Torghatten, una tundu, tundu la kweli limepenya mlima mzima urefu wa mita 160, unasimama upande huu unaiona bahari ya upande ule. Wenyeji wana hadithi yake, zimwi lililopanda farasi lilikuwa linamkimbiza binti, likaona linakosa likarusha mshale, mfalme wa milima akatupa kofia yake kuuzuia, mshale ukaitoboa kofia, jua likachomoza wote wakawa mawe. Mlima ni ile kofia. Nimepanda na watoto wangu, kuna njia ya mawe na ngazi, panapandika.

Tarehe 6 Mei 1988, siku ya Ijumaa jioni, Dash 7 ya injini nne ilikuwa inakuja kutua hapa ikitokea Namsos. Mawingu yamekaa chini. Uchunguzi ukasema walianza kushuka mapema kuliko ilivyotakiwa, walikuwa bado mbali na kiwanja. Ikaupiga mlima ule ule. Watu 36, hakupona hata mmoja. Kwa mji mdogo namna hii fikiria. Watu wazima wa hapa ukitaja 1988 wanabadilika uso, sasa hivi nimejifunza siulizi.

Na haikuwa peke yake. Mehamn 1982 watu 15. Værøy 1990 watu 5. Namsos 1993 watu 6. Zote ni ndege za mtandao huu huu wa viwanja vidogo. Værøy hawakurudi tena, upepo wa pale unazunguka mlima unaipiga ndege kutoka pembeni, wakafunga kiwanja, leo watu wa kile kisiwa wanasafiri na helikopta kwenda Bodø. Vingine wakavitengeneza: mafunzo, vifaa, na hapa Brønnøysund ndo walikoanzia mwaka 2007 mtambo wa kumshusha rubani kwa satelaiti mpaka karibu na lami, kwa sababu mitambo ile ya kawaida ya kutulia kwenye mawe haya ilikuwa ngumu kufunga. Tangu 1993 Widerøe hawajapoteza abiria kwenye ajali.

Muhaya Mpole

Nimesoma hapo nimekumbuka Novemba 2022. Mimi ni mtu wa Bukoba, asubuhi ile mvua na ukungu, ndege imezama ziwani karibu na kiwanja kabla ya kufika, wavuvi ndo walikuwa wa kwanza kufika na makasia yao. Watu 19. Swali langu la tangu siku ile ni moja tu, wale wa Norwei baada ya 36 kufa walibadilisha vifaa, walichukua muda gani?

Mwana Kilindoni

Pole sana mkuu. Jibu la kweli, hawakuwa na haraka unayoidhani. 1988 mpaka 2007 hesabu mwenyewe. Wakati huo walibadilisha ndege, wakabadilisha taratibu za marubani, lakini mtambo wenyewe ulichukua karibu miaka ishirini. Sitawapamba.

Mapangaboi

Na mnara wa kuongozea upo? Kuna mahali nimesikia Norwei wanaongoza ndege kwa kamera.

Mwana Kilindoni

Ni kweli. Kwenye viwanja vingi vidogo yule wa mnarani hampi rubani amri, anampa taarifa tu, upepo uko hivi, mawingu hivi, lami iko wazi, rubani anaamua. Na tangu Oktoba 2019 kisiwa cha Røst kinaangaliwa na mtu aliyekaa Bodø mbele ya maskrini, kamera zimefungwa kule kisiwani, baadae wakaongeza viwanja vingine. Wenyeji wa sehemu hizo walinung'unika, kazi za mnarani zimehama.

Maana msidhani huku hakuna ugomvi. Mo i Rana wanajenga kiwanja kipya kikubwa, na kila kikijengwa kikubwa jirani mwenye kidogo anakosa usingizi. Narvik walikuwa na kiwanja chao mjini, kikafungwa 2017 kwa sababu daraja kubwa lilikuwa linajengwa la kuwafupishia njia ya kwenda kiwanja kingine. Kwa hiyo hapa mtu akisema neno "daraja" kuna wazee wanaguna.

Kingine, umeme. Avinor walitangaza 2018 kwamba ikifika 2040 safari za ndani ziwe za umeme, wakarusha kandege ka viti viwili waziri akiwa ndani. Mwaka uliofuata kandege kale kale kakaishia ziwani huko kusini, waliokuwemo wakatoka salama. Wazee wa hapa wakasema tutaendelea na mapangaboi.

Shoga wa Mwambao

Kaka na ajira je? Huo mji watu wanafanya nini hasa zaidi ya kusubiri ndege?

Mwana Kilindoni

😂 Samaki aina ya samoni wa kufuga, mashamba, wazee (mimi hapo), na ofisi moja kubwa. Sajili za taifa. Ukifungua kampuni popote Norwei, hata kibanda cha chips Oslo, unasajiliwa hapa. Serikali iliamua kuiweka ofisi hiyo huku, mamia ya watu wana ajira. Sasa jiulize ofisi ya namna hiyo ingekaaje mahali ambapo bosi akitaka kikao na wizara anasafiri siku mbili.

Kapuku Halisi

Mkuu tunaomba connection ya kazi ya kusukuma theluji. Mimi jembe nalijua.

Mwana Kilindoni

Jifunze Kinorwei kwanza, usije ukaulizwa utelezi ni namba ngapi ukashindwa kujibu. Sio utani, lugha ndo kila kitu.

Wakuu naomba nipumzike, kesho nina ndege ya saa 12 na nusu asubuhi naenda Trondheim kwenye kozi. Upepo nausikia unazidi, mlingoti wa bendera wa jirani unapiga kelele. Tutaona.

Mama Wawili

Safari njema kaka. Ukitua tuambie.

Mwana Kilindoni

Apdeti, saa 2 asubuhi. Niko hapa kiwanjani bado. Imekuja, tumeisikia, imeondoka. Dada wa kaunta ametangaza. Nimekaa karibu na mashine, kuna mzee kanisogezea kikombe bila kusema kitu. Mwenye swali aulize, muda ninao.